William Herschel: Mpiga Zumari Aliyesugua Vioo Akaipanua Mbingu

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri inawaletea, wasomaji wapenzi, habari za mtu aliyetaka cha mbinguni. Naye pia, kumbe, ilimbidi ainame! Aliinama miaka mingi juu ya sahani za shaba na bati, akizisugua kwa mikono yake mpaka zikawa vioo, na kwa vioo hivyo akaona sayari ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameitambua tangu dunia iumbwe. Mtu huyo ni William Herschel.

Wengi wetu tumelisikia jina lake kwa kupita tu, pale sayari ya Uranus inapotajwa darasani. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba Herschel hakuwa mwanasayansi wa kusomea. Hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi hata siku moja. Alikuwa mwanamuziki, na vioo alivitengeneza nyumbani kama vile fundi wa jua kali anavyotengeneza jiko. Na jambo lingine ambalo husahaulika kabisa ni kwamba kazi hiyo hakuifanya peke yake. Basi hebu tuanze mwanzo.

Mtoto wa bendi

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hannover, Ujerumani. Baba yake, Isaak, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na pesa chache, lakini baba mwenyewe alipenda elimu. Aliwafundisha wanawe muziki, na usiku wa anga safi aliwatoa nje kuwaonyesha nyota. William alipofika umri wa miaka 14 alijiunga na bendi hiyo hiyo ya baba yake.

Mwaka wa 1757 Wafaransa waliyashinda majeshi ya upande wa Hannover. Kijana William, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19, aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akavuka bahari akaenda Uingereza, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na mfalme mmoja na Hannover. Alifika huko mikono mitupu. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki ili apate mkate, kisha akafundisha muziki, akatunga, akaongoza bendi, na mnamo 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Hapo maisha yakaanza kumnyookea. Mchana alifundisha watoto wa matajiri, jioni alipiga muziki kwenye tamasha.

Lakini huko Hannover alikuwa amemwacha dada yake mdogo, Caroline, aliyezaliwa tarehe 16 Machi 1750. Caroline aliugua vibaya akiwa na umri wa miaka 10, na maradhi hayo yakamdumaza. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama futi nne na inchi tatu hivi. Mama yao alikata shauri kwamba msichana huyo hangeolewa, kwa hivyo kazi yake ingekuwa ya jikoni na kufuma soksi, na masomo hayakuwa na haja. Mwaka wa 1772 William alirudi kumchukua. Ili mama akubali, ilimlazimu William atoe pesa za kumwajiri mtumishi badala ya Caroline. Yaani binti huyo alikombolewa! Alipofika Bath alifundishwa Kiingereza, hesabu na uimbaji, na haukupita muda mrefu akawa anaimba peke yake mbele ya umati.

Sasa muziki na vioo vilikutana wapi? Herschel alikuwa akisoma kitabu cha Robert Smith kuhusu kanuni za sauti. Mwandishi huyo huyo alikuwa ameandika kitabu kingine kuhusu nuru, pamoja na namna ya kutengeneza darubini. Herschel akakitafuta, akakisoma kitandani usiku, na kuanzia hapo usingizi ukampotea.

Kioo hufanyaje kazi?

Kabla hatujaendelea, yafaa tuelewe vizuri kile kilichomnyima usingizi.

Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Inapogonga kitu chenye uso laini sana, hudunda kama mpira unavyodunda sakafuni. Ukiurusha mpira mshazari kutoka kushoto, utaruka mshazari kuelekea kulia, kwa pembe ile ile uliyojia. Nuru nayo ni hivyo hivyo: pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Ukuta uliopakwa chokaa nao hurudisha nuru, tena nyingi tu, lakini uso wake una vijibonde na vijilima ambavyo jicho halivioni. Kila mwale unadunda na kwenda kwake, kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia. Kwa hivyo ukutani utaona weupe, lakini sura yako hutaiona.

Kwenye kioo bapa miale inadunda kwa mpangilio. Miale iliyotoka puani mwako inagonga kioo, inarudi, inaingia jichoni. Jicho nalo halina habari kwamba nuru imepinda njiani. Linadhani imekuja moja kwa moja, kwa hivyo linaiona pua nyuma ya kioo, umbali ule ule ambao wewe umesimama mbele yake. Nyuma ya kioo kuna nini? Kuna ukuta tu! Taswira hiyo ni ya macho. Huwezi kuweka karatasi pale nyuma ukainasa.

Kioo kilichobonyea kama bakuli kina mambo mengine. Chukua kijiko kinachong'aa. Jitazame mgongoni mwake: utajiona wima, mdogo, na nyuma yako utaona chumba karibu chote. Ndiyo sababu vioo vya pembeni vya magari vingi vimebinuka hivyo, ili dereva aone eneo kubwa. Sasa geuza kijiko ujitazame upande wa ndani. Lo! Umesimama kichwa chini miguu juu. Hapo miale imedunda kuelekea ndani, ikakutana, ikapishana. Miale itokayo mbali sana, kama ya nyota, hufika ikiwa sambamba, na bakuli hilo huirudisha yote mahali pamoja panapoitwa fokasi. Hapo miale hukutana kweli, si kwa kudhaniwa na jicho, na ukiweka karatasi utaiona taswira imetua juu yake.

Huo ndio msingi wa darubini ya kioo. Kioo kikubwa hukusanya nuru ya nyota, taswira hutokea kwenye fokasi, na mtazamaji huikuza kwa lenzi ndogo. Gizani mboni ya jicho hufunguka kama milimita 7 tu. Kioo chenye upana wa inchi 6, yaani milimita 150 na kitu, hukusanya nuru mara 500 hivi kuliko jicho. Ni kama kuteka mvua: mwenye kikombe na mwenye karai hawatoki na maji sawa.

Darubini za lenzi zilikuwapo tangu zamani, lakini lenzi za wakati huo zilikuwa na ila moja. Nuru ikipita ndani ya lenzi, rangi zake hupinda kwa viwango tofauti, na nyota huonekana na pindo la rangi kama upinde wa mvua. Ili kupunguza ila hiyo watu walitengeneza darubini ndefu kupita kiasi. Kioo hakina matatizo hayo, kwa maana rangi zote hudunda kwa pembe moja. Isaac Newton alikuwa ametengeneza darubini ndogo ya kioo mwaka wa 1668. Shida ilikuwa kupata kioo kikubwa tena kizuri. Herschel alitafuta cha kununua, bei ikamshinda. Basi akaamua kutengeneza mwenyewe.

Nyumba yageuka karakana

Mwaka wa 1773 Herschel alinunua vifaa vya mtu mmoja wa Bath aliyekuwa akisugua vioo na sasa ameacha. Caroline alitazama kwa masikitiko jinsi nyumba nzuri ilivyogeuka karakana. Sebuleni fundi wa mbao alikuwa akiunda mwili wa darubini. Katika chumba cha kulala ndugu yao Alexander alikuwa ameweka mashine ya kukerezea.

Mbona wasitumie kioo cha kawaida? Kioo cha nyumbani kina madini yaliyopakwa nyuma ya bilauri, na nuru huingia kwenye bilauri, hudunda, kisha hutoka tena. Sehemu yake hudunda juu juu, kwa hivyo taswira huwa mbili. Kwa kujitazamia hilo si neno, lakini kwa nyota ni balaa. Kwa hivyo kioo cha darubini kilikuwa cha madini matupu: shaba kama thuluthi mbili na bati kama thuluthi moja. Mchanganyiko huo hung'aa kama fedha, lakini ni mgumu na huvunjika kama sahani ya udongo.

Madini yaliyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu, yakapoa polepole, kisha sahani iliyopatikana ikasagwa kwa mchanga mgumu mpaka ikabonyea. Baada ya hapo ilisuguliwa juu ya lami kwa unga laini ili ing'ae. Hatua hii ya mwisho ndiyo ya kuua mtu. Bakuli lenye umbo la sehemu ya mpira halitoshi, kwa sababu miale ya ukingoni na miale ya katikati haikutani mahali pamoja. Panatakiwa umbo liitwalo parabola, lenye kina kidogo tofauti. Katika kioo kikubwa tofauti yenyewe ni ndogo mno, chini ya unene wa unywele mara nyingi, lakini inatosha kuharibu taswira. Ukiacha kusugua katikati ya kazi, umbo linaweza kupotea na jasho lako lote likaenda bure.

Kwa hivyo Herschel hakuacha. Kuna siku alisugua kioo kwa saa 16 mfululizo bila kutoa mikono. Caroline alimlisha tonge kwa tonge kama mtoto mchanga, na ili asichoke alimsomea hadithi, zikiwemo zile za Alfu Lela Ulela ambazo sisi watu wa Afrika Mashariki tunazijua sana. Hebu fikiria: Sindbad Baharia anasimuliwa huku kioo cha nyota kikisuguliwa!

Vioo vingi viliharibika kabla ya kimoja kufaulu. Lakini mwezi wa Machi 1774 Herschel aliandika kwenye daftari lake yale aliyoyaona kwa darubini yake mwenyewe: pete za Zohali, na lile wingu la nuru lililo katika kundi la nyota la Orion.

Usiku wa Machi 13

Mwaka wa 1781 Herschel alikuwa na darubini ya urefu wa futi 7, yenye kioo cha upana wa inchi 6.2. Usiku wa tarehe 13 Machi, kati ya saa nne na saa tano, akiwa kwenye bustani nyuma ya nyumba yake ya Bath, alikagua nyota moja baada ya nyingine. Moja ikamtia shaka. Ilionekana kama kiduara, si nukta.

Hapa ndipo uzuri wa kioo chake ulipojulikana. Nyota ziko mbali mno, kiasi kwamba hata ukikuza namna gani zinabaki nukta. Herschel alikuwa akitumia lenzi ya kukuza mara 227. Akabadilisha, akatia ya mara 460, halafu ya mara 932. Kile kiduara kikazidi kuwa kikubwa. Nyota za jirani hazikukua hivyo. Baada ya siku chache aliona kuwa kimehama. Mwenyewe alidhani ni nyota yenye mkia. Lakini mtaalamu Anders Lexell alipopiga hesabu ya njia yake alikuta kwamba kinalizunguka jua kwa njia inayokaribia duara, mbali kiasi cha mara mbili ya Zohali. Kumbe ni sayari!

Tangu kale watu walijua sayari zile zinazoonekana kwa macho matupu, Zohali ikiwa ya mwisho. Sasa mpiga kinanda wa Bath, kwa kioo alichokisugua nyumbani, alikuwa ameupanua ujirani wa jua mara mbili kwa usiku mmoja. Watu wengine walikuwa wameiona nukta hiyo hapo awali, tena si mara moja, wakaiandika kuwa nyota. Vioo na lenzi zao hazikuwaonyesha kiduara. Herschel alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George wa Tatu, lakini jina lililodumu ni Uranus, lililopendekezwa na Johann Bode wa Ujerumani.

Mwaka huo huo Shirika la Kifalme la Sayansi la London lilimpa nishani na kumfanya mwanachama. Lakini msidhani kwamba sifa zilimlegeza. Mwezi wa Agosti alikuwa katika chumba cha chini cha nyumba yake akimimina kioo cha upana wa futi 3. Cha kwanza kilipasuka kikipoa. Safari ya pili tanuri likavuja. Madini ya moto yakatiririka sakafuni, mawe ya sakafu yakaanza kulipuka na kuruka mpaka darini. Herschel, Alexander na mafundi wakatoka mbio kila mtu na mlango wake. Hakuna aliyeuawa, lakini ilikuwa bahati tu.

Caroline aacha kuimba

Mwaka wa 1782 Mfalme alimwajiri Herschel kwa pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na ashughulikie nyota. Pesa hizo zilikuwa chini ya zile alizopata kwenye muziki, lakini alikubali. Walihamia karibu na Windsor, na mwishowe wakatua Slough mnamo 1786. Ili kujazia mshahara, alitengeneza vioo na darubini za kuuza.

Na Caroline je? Uimbaji wake ulikuwa umeanza kumletea sifa. Aliwahi hata kualikwa kuimba katika mji mwingine, akakataa kwa sababu hakutaka kuimba pasipokuwa na kaka yake. Sasa kaka ameacha muziki, na muziki wa dada nao ukafa. Hakuna aliyemuuliza. Alipewa darubini ndogo, akaambiwa ajifunze.

Naye akajifunza kwelikweli. Kila usiku wa anga safi Herschel alipanda kwenye jukwaa la darubini yake ya futi 20, akasema kwa sauti alichokiona, na Caroline, ameketi karibu na saa na kalamu, akaandika. Mchana alinakili na kupiga hesabu. Kwa miaka 20 hivi wawili hao waliorodhesha mawingu ya nuru na makundi ya nyota yapatayo 2,500, ambapo orodha ya maana iliyokuwapo kabla yao ilikuwa na mia moja na kitu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, theluji imefunika ardhi, Caroline alikimbia gizani kutimiza agizo la kaka yake akaangukia kulabu ya chuma iliyozama mguuni. Walipomnasua, nyama ilibaki kwenye kulabu. Alijifunga kidonda mwenyewe akaendelea na kazi.

Tarehe 1 Agosti 1786 kaka akiwa safarini, Caroline aligundua nyota yenye mkia, ya kwanza kati ya 8 alizogundua maishani. Mwaka uliofuata Mfalme alikubali kumlipa pauni 50 kwa mwaka. Alikuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Tena zilikuwa pesa za kwanza maishani mwake ambazo aliweza kuzitumia apendavyo.

Lakini mwaka wa 1788 Herschel alioa, na Caroline akalazimika kuhama na kuishi katika vyumba vya kupanga. Kila siku alikuja kazini kwa miguu. Maandishi yake ya miaka ile aliyaharibu mwenyewe baadaye, kwa hivyo uchungu wake tunaweza kuukisia tu. Yajulikanayo ni kwamba baadaye alipatana sana na mke wa kaka yake na akampenda mno mtoto wao, John.

Kioo kikubwa kuliko vyote

Mfalme alikuwa ametoa pauni 4,000 ili Herschel ajenge darubini kubwa kuliko zote duniani: bomba la urefu wa futi 40, na kioo cha upana wa inchi 48. Kioo hicho kilikusanya nuru zaidi ya mara 30,000 kuliko jicho. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kikapinda kwa uzito wake mwenyewe. Cha pili, kilichomiminwa 1788, kilikuwa kinene na uzito wake ulikaribia tani moja. Bomba lilipokuwa bado halijasimamishwa wageni walitembea ndani yake, na husimuliwa kwamba Mfalme alimshika mkono Askofu Mkuu akimtania kuwa anamwonyesha njia ya kwenda mbinguni.

Kuna jambo hapa wapenzi wa hesabu watalifurahia. Darubini ya Newton ina vioo viwili: kikubwa cha kukusanya nuru, na kidogo bapa, kilichowekwa mshazari, cha kuigeuza itoke ubavuni kwa mtazamaji. Madini ya wakati ule hata yakiwa mapya yalirudisha kama thuluthi mbili tu za nuru. Basi vioo viwili ni thuluthi mbili ya thuluthi mbili, yaani 4 juu ya 9. Zaidi ya nusu ya nuru imepotea! Herschel alifanya nini? Alikiondoa kioo kidogo, akakilaza kikubwa upande kidogo, taswira ikaangukia kwenye ukingo wa mdomo wa bomba, na yeye akatazama kutoka hapo huku mgongo wake ukielekea nyota.

Mwaka wa 1789, tarehe 28 Agosti, alitambua mwezi mpya wa Zohali uitwao Enceladus, na mwezi uliofuata akaona mwingine, Mimas. Watu wakadhani sasa siri zote za mbingu zitafichuka. Lakini wapi! Darubini ilikuwa zito, ilihitaji vibarua wa kuisogeza, na anga ya Uingereza ina mawingu. Juu ya hayo, madini yalikuwa yakifubaa kwa umande na hewa. Kioo kikifubaa hakifutwi kwa kitambaa. Sharti kisuguliwe upya, na kukisugua upya ni kuhatarisha umbo lake. Polepole Herschel alirudia darubini yake ya futi 20, na ile kubwa ikabaki kutazamwa na wageni. Mara ya mwisho aliitumia mwaka wa 1815, naye ni mzee wa miaka 76.

Tusisahau pia kwamba mnamo 1800 aliitandaza nuru ya jua ikawa rangi zake, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi na kimoja kando ya nyekundu, mahali pasipo na nuru yoyote ya kuonekana. Hicho cha gizani ndicho kilichopanda zaidi. Alikuwa amegundua miale isiyoonekana kwa macho, ambayo siku hizi huitwa infraredi.

Vioo vilivyomfuata

William Herschel alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na umri wa miaka 83. Sayari aliyoigundua hulizunguka jua mara moja kwa miaka 84. Maisha yake yalikaribia kulingana na mzunguko mmoja wa Uranus.

Caroline alirudi Hannover, akaendelea kuzipanga zile orodha ili mtoto wa kaka yake azitumie. Mwaka wa 1828 Shirika la Kifalme la Falaki lilimtunuku nishani ya dhahabu. Alifariki tarehe 9 Januari 1848, akiwa na umri wa miaka 97.

John alichukua darubini ya futi 20 pamoja na vifaa vya kusugulia vioo akasafiri navyo hadi Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Kutoka mwaka wa 1834 hadi 1838 alizikagua nyota za kusini ambazo baba na shangazi yake hawangeweza kuziona kutoka Uingereza. Leo huko huko Afrika Kusini, kwenye nyanda za Sutherland, ipo darubini iitwayo SALT, iliyofunguliwa 2005, na kioo chake kimeungwa kwa vipande 91. Nayo darubini ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, ina kioo cha vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, upana wake mita 6.5, na kazi yake hasa ni kukusanya ile miale ya infraredi aliyoigundua Herschel. Vioo vimebadilika lakini kanuni ni ile ile: pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka, na miale ikutane mahali pamoja.

Wanachama wenzangu, maisha haya yanatufunza mambo mawili. La kwanza, ukosefu wa maabara si mwisho wa elimu. Kijiko kipo jikoni, na mtu anayeuliza kwa nini sura yake imepinduka humo amekwisha anza Fizikia. (Ila tahadhari: kioo kilichobonyea kisielekezwe kwenye jua, wala jua lisitazamwe kwa darubini, maana fokasi yake huchoma na kupofusha.) La pili, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukisikia jina la Herschel likitajwa pamoja na Uranus na mawingu yale 2,500 ya nyota, kumbuka walikuwa wawili: mmoja juu ya jukwaa akitazama, na mwingine chini kwenye baridi, kalamu mkononi, akiandika.